Kisu cha Mfukoni Huchaguliwa kwa Kazi, si kwa Mng'aro

Hamadi kibindoni, silaha mkononi. Ndivyo walivyotuusia wahenga, wakimaanisha kwamba kimfaacho mtu saa ya dhiki ni kile alicho nacho mwilini, wala si kile alichokiacha nyumbani. Nimeukumbuka usemi huo juma lililopita baada ya kupokea barua ya kijana mmoja niliyemfundisha hapa Bura. Kijana huyo yumo katika mwaka wake wa mwisho kwenye chuo cha afya ya mifugo, na karibuni ataanza kuzunguka mabomani akitibu ngamia na mbuzi za watu.

"Shikamoo, Mwalimu," ameniandikia. "Nataka kununua kisu kizuri cha kukunja, cha kukaa mfukoni kila siku. Wenzangu wananionyesha visu ambavyo bei yake ni mbuzi watano. Wengine wananiambia kisu ni kisu. Je, nichague kipi?"

Huenda msomaji akaliona swali hili kuwa dogo mno kwa ukurasa wa gazeti. Kwangu mimi si dogo. Nina deni kwa kijana huyu, nalo ni deni la kisu. Nitalieleza kabla sijaiweka kalamu chini. Kwanza nimjibu swali lake, maana najua wako walimu na wanafunzi wengi wanaojiuliza swali hilohilo wasipate wa kuwajibu.

Ninaposema Bura nakusudia Bura ya Garissa, katika eneo la Fafi, ukingo wa mashariki wa mto Tana. Sikusudii Bura ya Taita, wala ile Bura ya ng'ambo ya mto ambako mradi wa umwagiliaji ulianza kuwapokea wakulima wake mwaka wa 1981. Huku kwetu watu huishi kwa mifugo, na mwenye mifugo hapitishi siku bila kukata kitu. Atakata kamba iliyomsonga ndama, ngozi ya kutengenezea ukanda, kipande cha mpira wa gurudumu cha kufungia mtungi wa maji, au mdomo wa gunia. Mama anayefungua na kufunga aqal kila familia inapohama ana haja ya kisu pengine kuliko mumewe, kwa kuwa nyumba ile yote imeshikwa kwa kamba na mikeka. Kisha uko mti wa mathenge, uliopandwa ng'ambo ya mto mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili uwapatie watu kuni, nao ukaenea hata ukatushinda. Miiba yake hutoboa magurudumu, viatu na nyayo. Asiye na kisu katika nchi ya mathenge atajuta.

Wasomali, ambao ndio wenyeji hapa, wanayo majina mawili yanayotusaidia kufikiri. Jambia la kiunoni huitwa tooreey, nalo ni silaha tangu lilipofuliwa. Kisu cha kazi huitwa mindi. Kisu cha kukunja ninachokizungumzia leo ni ndugu wa mindi, wala hakina ujamaa na tooreey. Mtu akikichanganya na silaha, atakosea katika kukichagua na atakosea zaidi katika kukitumia.

Mimi mwenyewe nilikosea. Katika kidole changu cha shahada cha mkono wa kulia na kile cha kati pana kovu moja lililovivuka vyote viwili. Mwaka mmoja wa mvua nyingi nilikuwa ukingoni mwa mto nikingoja maji. Punda wa mkokoteni akateleza kwenye tope, mapipa yakamwelemea, na kamba ya shingoni ikaanza kumnyonga. Nikachomoa kisu changu. Kilikuwa kisu cha kupendeza, nilichokinunua kwenye meza ya mchuuzi mjini. Kiling'aa kama kioo, na ubavuni kilikuwa na picha ya tai. Nikaitia ncha chini ya kamba nikasukuma. Kufuli yake ikaachia, makali yakajikunja juu ya vidole vyangu. Damu ikatoka na punda akaendelea kukoroma.

Mzee mmoja mchungaji akanisogeza kando bila haraka. Akatoa kisu kidogo kikuukuu, mpini wake wa mti umekuwa mweusi kwa jasho la miaka, akakata kamba kwa mvuto mmoja. Punda akavuta pumzi. Mzee akanitazama mkono, akasema, "Maalim, hicho ulichonacho ni kisu cha kutazamwa." Sikuwa na la kumjibu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tangu siku hiyo nimekuwa mwanafunzi wa visu. Niliyojifunza nayapanga hapa kwa mafungu manne.

Fungu la kwanza ni kufuli. Kisu cha kukunja ni kisu kilichovunjwa kwa makusudi katikati na kuunganishwa tena kwa bawaba, na hapo penye bawaba ndipo penye hatari yake. Visu vingine havina kufuli kabisa, bali vina springi tu mgongoni inayoyazuia makali yasijikunje ovyo. Ndivyo vilivyo visu vidogo vya Uswisi. Fundi Karl Elsener alifungua karakana yake mwaka wa 1884, akaanza kuliuzia jeshi la nchi yake visu mwaka wa 1891, na tarehe 12 Juni, 1897, akasajili kile kisu cha maafisa chenye vifaa vingi ambacho dunia nzima inakijua. Mamake aliitwa Victoria, na jina lake ndilo mwanzo wa jina Victorinox. Kisu cha namna hiyo kinatosha kabisa kwa mwalimu wa darasani: hukata karatasi na tunda, hufungua kopo, na huchonga penseli. Lakini hakifai kusukumwa kwa ncha.

Visu vingine vina kibati cha ndani kinachoruka na kuyakaza makali yanapofunguka. Vingine vina pete. Kampuni ya Opinel ya Ufaransa, ambayo asili yake ni mwaka wa 1890 katika milima ya Savoie, iliongeza pete ya chuma shingoni mwa kisu chake mwaka wa 1955. Unaizungusha pete kwa kidole, na makali hayawezi tena kujikunja. Hapana springi ya kulegea wala kibati cha kuvunjika, na mtoto wa miaka kumi na miwili huielewa mara moja. Kwa hiyo, ukiwa dukani, usikitazame kisu kwanza ubavuni palipo picha. Kifungue, kikaze, kisha uugonge mgongo wake polepole juu ya kipande cha mti, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Kikijikunja, kirudishe kwa mwenyewe.

Fungu la pili ni chuma, na hapa ndipo vijana wanapopotezwa na sifa za wauzaji. Chuma cha kisu ni chuma kilichotiwa kaboni, na kaboni ndiyo inayokiwezesha kuwa kigumu kinapopashwa moto na kupozwa ghafla. Ukiongeza kromiamu isiyopungua kiasi cha asilimia 10.5, chuma hicho huanza kuishinda kutu. Chuma cha kaboni bila kromiamu nyingi hunoleka upesi na hupata makali ya kunyolea ndevu, lakini jasho, chumvi au maji ya limau hukipaka kutu kwa usiku mmoja. Huku kwetu, ambako jasho halikauki, mwenye kisu cha aina hiyo hana budi kukifuta kila jioni na kukipaka tone la mafuta.

Kisha viko vyuma vya kisasa vinavyotengenezwa kwa unga wa madini uliosongwa pamoja kwa joto na shinikizo. Kimoja maarufu, S30V, kilitolewa mwaka wa 2001 na kampuni ya Crucible ya Marekani. Kina kaboni ya asilimia 1.45, kromiamu asilimia 14 na vanadiamu asilimia 4. Vyuma hivyo ndivyo vilivyomo katika vile visu vya mbuzi watano alivyoonyeshwa kijana wangu, na sifa zake ni za kweli: hukata muda mrefu bila kuwa butu. Lakini wauzaji hawamwambii kwamba chembe za vanadiamu zinazokifanya chuma kisichakae ndizo zinazokifanya kisinoleke. Jiwe la mtoni halikiwezi. Hata kinoo cha kawaida cha dukani hukiteleza juu yake kama mtu anayejaribu kuandika kwa chaki iliyolowa. Kinataka jiwe la almasi.

Sasa mtazame daktari wa mifugo aliyeko bomani, mwendo wa siku mbili kutoka mjini. Kisu chake cha chuma bora kimekuwa butu hatimaye, maana hakuna chuma kisichokuwa butu. Jiwe la almasi hana. Karibu naye yuko mchungaji mwenye kisu cha bei ya kuku wawili na kijiwe mfukoni. Kisu chake kinakata asubuhi na jioni. Ni nani kati yao mwenye kisu bora? Wahenga walikwisha kutujibu kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Hawakusema mwenye kisu ghali.

Kanuni yangu basi ni hii: usinunue chuma ambacho jiwe lako haliwezi kukinoa. Nunua kisu na kinoo siku moja, na kama fedha haitoshi vyote viwili, shuka daraja katika kisu lakini usikiache kinoo. Ukinoa, yalaze makali juu ya jiwe kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 20, upande huu na upande ule kwa hesabu sawa. Kisha yajaribu kwa ukurasa wa daftari la zamani. Kikiupasua bila kuurarua, umefuzu.

Fungu la tatu ni bawaba na mpini. Vumbi la Bura ni jembamba kama unga, nalo hupenya popote. Kisu chenye gololi ndogondogo katika bawaba yake hufunguka kwa ulaini wa ajabu dukani, lakini hapa kitaanza kusaga mchanga baada ya wiki moja. Chagua bawaba sahili, iliyo wazi kiasi cha kuoshwa kwa maji na kupulizwa. Mpini wa mti hupendeza mkononi na hauchomi kwenye jua kama mpini wa chuma, ila ukilowa huvimba na kuyakaza makali yasifunguke. Uukaushe kivulini, usiutie motoni. Urefu wa makali usizidi sentimita 8 au 9. Kirefu zaidi ya hapo hakina kazi mfukoni, na kitamtisha kila akionaye.

Fungu la nne ni bei. Sisemi kwamba visu ghali ni ulaghai. Kisu cha kukunja kinachoheshimiwa sana na wajuzi, kilichobuniwa na Chris Reeve, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani, huuzwa kwa mamia ya dola. Kimefanyiwa ufundi wa hali ya juu, na mwenye uwezo akikinunua hatakuwa amepoteza. Lakini lisikilize jina lake: Sebenza. Ni neno la Kizulu, na maana yake ni kufanya kazi. Hata yeye aliyetengeneza kisu cha kitajiri alijua kwamba heshima ya kisu imo katika kazi yake. Kwa Bura, kisu chenye pete ya Kifaransa au kile cha Uswisi, ambavyo vya kawaida havifikii dola 50, vitafanya kazi yote ya kila siku, na kikipotea mtoni, mwenyewe atasikitika bila kulia.

Hapo nimemaliza ya kununua. Linabaki la kukibeba, nalo ni zito kuliko yote manne.

Tangu mwaka wa 1902 mafundi wa Solingen, Ujerumani, walitengeneza kisu cha kukunja kilichoitwa Okapi, cha kuuzwa katika makoloni ya Afrika. Siku hizi hutengenezwa Afrika Kusini. Wakulima na wafanyakazi wengi wa bara hili wamekitumia kwa kazi zao za halali. Na kisu hichohicho, katika vitongoji vya miji ya kusini, kimepata sifa mbaya ya kuwa silaha ya wahuni. Chuma hakikubadilika. Kilichobadilika ni mkono ulioshika mpini.

Kwa sababu hiyo sheria hukitazama kisu pamoja na mahali kilipo na sababu ya kuwapo. Hapa Kenya, mtu akikutwa hadharani na kitu kinachoweza kuwa silaha, ataulizwa sababu yake, na ni lazima iwe halali. Mchungaji malishoni anayo sababu. Kijana aliye katika mkutano wa siasa au kwenye uwanja wa mpira hana. Anayekwenda kusoma Uingereza na ajue kwamba sheria ya huko ya mwaka wa 1988 inaruhusu kubeba kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, na mahakama zao zimeamua kwamba kisu kinachojifunga kwa kufuli hakimo katika ruhusa hiyo. Mwenye nacho lazima awe na sababu ya kuridhisha. Na tangu Septemba 11, 2001, hakuna asiyejua kwamba kisu hakipandi ndani ya ndege pamoja na abiria.

Kwetu sisi wa Garissa jambo hili lina jeraha. Tarehe 2 Aprili, 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Hawakuuawa kwa visu vya mfukoni. Lakini tangu siku ile lango la kila chuo na kila shule katika nchi hii limekuwa mahali pa kupekuliwa, na mlinzi anayekupekua ana haki ya kuogopa. Kisu chako kiache nyumbani unapokwenda huko, au kikabidhi langoni kabla hujaulizwa. Usibishane. Mtu anayejua kisu hujua pia wakati wa kutokuwa nacho.

Na sasa deni langu.

Kijana aliyeniandikia alikuja kidato cha kwanza akitoka malishoni. Wiki ya pili tulipekua masanduku ya wanafunzi, nami nikakuta kisu cha kukunja ndani ya sanduku lake, kimefungwa kwa kitambaa. Kanuni ya shule ilikuwa wazi: visu haviingii bwenini. Kanuni ile ilikuwa sawa, na ingali sawa. Mimi ndiye niliyekosea katika kuitekeleza. Nilimsimamisha mbele ya gwaride, nikakiinua kisu juu, nikamwita jambazi. Kisha nikakitupa ndani ya shimo la choo, huku shule nzima ikicheka.

Hakulia. Siku ya pili hakuonekana. Alitembea kwa miguu mpaka bomani kwao, akakaa huko karibu mwezi mzima. Nilikwenda kumtafuta kwa amri ya mwalimu mkuu, na hapo ndipo mamake aliponieleza. Kisu kile kilikuwa cha marehemu babake. Mtoto hakukileta shuleni ili amdhuru mtu. Alikileta kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha babake.

Alirudi shuleni kwa ajili ya mamake, si kwa ajili yangu. Hakunitamkia neno baya hata siku moja. Na leo, katika walimu wote aliopata kuwa nao, ameniuliza mimi kisu gani anunue.

Enyi walimu wenzangu, watoto wetu wa nchi kavu huja shuleni na vitu ambavyo kwao ni kazi na kwetu ni makosa. Tukivikuta, tuvichukue, hiyo ni amana yetu kwa watoto wengine na kwa wazazi wao. Lakini tuviandike daftarini, tuvifungie kabatini, na mzazi ajapo tumkabidhi mkononi. Tumuulize mtoto kabla hatujamhukumu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi; hawakusema mvunje. Na ninyi wanafunzi, msituwekee walimu wenu mtego kwa kuingiza makali bwenini. Kisu chema kina subira ya kukungoja nyumbani hadi likizo.

Kwako, mwanangu, jibu langu ni hili. Nunua kisu chepesi chenye pete, makali yake sentimita 8 na kitu, chuma kisichoshika kutu lakini kinachokubali kunolewa kwa jiwe la kawaida. Kabla ya kukitumia kwa mnyama, kichemshe. Na kazi ya kupasua waachie visu vya hospitali. Ukichinja, tumia kisu kikubwa cha kuchinjia kilichonolewa vizuri, kwa maana umefundishwa katika dini yako kutomtesa mnyama. Kisu cha mfukoni kina mpaka wake kama alivyo na mpaka wake mwenye nacho.

Lakini usikinunue bado. Fedha yako iweke. Nimekwisha kumwagiza mtu Nairobi, na mwisho wa mwezi, ukija Bura kuwaona jamaa zako, pitia kwangu. Utakikuta juu ya meza pamoja na kinoo chake. Kile nilichokitupa siwezi kukurudishia, wala hiki hakitakuwa cha babako. Pokea tu, kisha tukae barazani nikuonyeshe namna ya kukinoa, kama wewe bado hujui. Nadhani unajua kuliko mimi.